Kufuga Si Kupenda

Nina ugomvi na neno moja, na ninauleta mbele ya wanafunzi wenzangu na walimu wetu kwa sababu neno lenyewe ni la Kiswahili na sisi ndio tunaolieneza. Neno hilo ni kipenzi. Siku hizi mbwa, paka au kasuku anayeishi na watu nyumbani huitwa "mnyama kipenzi". Sarufi yake haina kasoro, tena lina sauti tamu. Shida ni kwamba linamtaja mnyama kwa hisia za mtu aliye naye, kisha linanyamaza. Halisemi nani anampa maji, nani anampeleka kudungwa sindano, wala nani atalipa akimng'ata mtoto wa jirani.

Kabla ya neno hilo tulikuwa na kitenzi kinachotosha: fuga. Mtu hufuga ng'ombe, kuku, nyuki, samaki. Hata anayefuga ndevu ana kazi ya kuziosha, kuzichana na kuzipunguza. Na asiyetibu kidonda huambiwa anafuga ugonjwa, yaani uzembe wake ndio chakula cha ule ugonjwa. Katika matumizi yote hayo yupo mtu anayetenda jambo kila siku, liwe zuri au baya. Kupenda hakumlazimu mtu kuamka alfajiri.

Mnyama aliyenifikisha kwenye ugomvi huu ni nguchiro. Tulipewa zoezi la kutafsiri kifungu cha Kiingereza kuhusu kumtunza fereti nyumbani. Fereti ni mnyama mdogo, mrefu kama soksi, mwenye miguu mifupi, anayefugwa sana Ulaya na Marekani. Nusu ya darasa waliandika "nguchiro". Wachache waliandika "kicheche", nao wakachekwa, maana mtaani neno hilo limegeuzwa tusi la kumrushia mwanamke. Mnyama wa watu hana hatia. Lingekuwa suala la tafsiri tu, ningelisahau. Lakini mjadala uliruka kutoka kwenye kamusi hadi chumbani: kama Mzungu anamlaza fereti kitandani, mbona sisi tusifuge nguchiro wetu? Wala hilo si swali la darasani peke yake. Mwaka jana, Busia upande wa Uganda, nilimwona mtoto wa nguchiro amefungwa kamba kwenye mguu wa meza ya kibanda cha kutuma pesa. Watu walikuwa wakimpiga picha. Kijana aliyekuwa akimuuza aliponiona nimesimama akaniambia, "Dada, huyu hana gharama. Anajitafutia mwenyewe."

Anajitafutia! Amefungwa kamba ya urefu wa mkono, juu ya sakafu ya saruji, na anajitafutia.

Nianze na tafsiri, kwa kuwa ndiyo mlango waliouingilia wenzangu. Kwa ukoo, fereti ni ndugu wa kicheche, nyegere na fisi maji. Nguchiro yuko mbali. Yeye ana undugu wa karibu zaidi na paka na fisi kuliko na fereti. Kwa hiyo wale wachache waliochekwa ndio waliokaribia ukweli. Lakini tofauti kubwa haiko kwenye ukoo, iko kwenye historia. Fereti amekaa na watu kwa zaidi ya miaka 2,000. Strabo, mwanajiografia wa zama za Warumi, aliandika kuhusu wanyama wa namna hiyo waliotolewa Libya na kuingizwa mashimoni kuwafurusha sungura waliokuwa wakiharibu mashamba ya Hispania. Vizazi kwa vizazi watu walichagua wapole, wakawazalisha, wakawaacha wakali. Fereti wa leo ni zao la kazi hiyo, kama ng'ombe na kuku walivyo mazao ya kazi ya wazee wetu. Nguchiro hajapitia hata siku moja ya kazi hiyo. Kumchukua mtoto wa nguchiro shimoni na kumpa jina zuri hakumpi miaka 2,000.

Tena, wenzangu waliokipenda kile kifungu walikipenda picha zake. Maneno yake waliyapita mbio. Fereti ni mla nyama tupu. Utumbo wake ni mfupi, chakula hupita ndani yake kwa saa tatu au nne hivi, kwa hiyo anahitaji kula kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Joto likifika nyuzi 30 yuko hatarini, na sisi wa Busia tunajua saa nane mchana chini ya bati kunakuwaje. Jike asiyepata dume wala kufungwa uzazi anaweza kufa kwa kuishiwa damu, kwa sababu mwili wake hubaki katika hali ya joto la uzazi bila kupumzika. Lazima achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa na dhidi ya distempa, ugonjwa wa virusi unaoua mbwa wengi wadogo na ambao fereti akiupata ni nadra apone. Huyo ndiye mnyama aliyezoea watu. Mwenye kumfuga ana ratiba, ana daktari, ana fungu la pesa. Kifungu tulichopewa kilikuwa orodha ya kazi, nasi tukakisoma kama barua ya mapenzi.

Sasa nguchiro mwenyewe. Hapa hatuhitaji kuagiza elimu kutoka mbali, maana nguchiro miraba wanaojulikana kuliko wote duniani wako Uganda, katika rasi ya Mweya ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth. Watafiti wamekuwa wakiwafuatilia huko tangu 1995, mmoja mmoja, kundi kwa kundi. Waliyoyaona yanatosha kumnyima usingizi yeyote mwenye nguchiro ndani ya katoni. Nguchiro hawa huishi katika makundi, mara nyingi ya wakubwa kumi, ishirini au zaidi. Majike ya kundi moja hubeba mimba pamoja, na mara nyingi huzaa usiku mmoja. Watoto wakitoka shimoni, kila mmoja hujishikiza kwa mkubwa mmoja, ambaye huenda si mama yake wala baba yake, na mkubwa huyo ndiye anayemlisha, anayemlinda na anayemwonyesha namna ya kupata chakula. Mtoto hufuata nyayo za mlezi huyo mmoja kwa miezi. Jinsi mlezi anavyofungua mende mgumu au yai, kwa kuling'ata au kulirusha kwa nguvu, ndivyo na mtoto atakavyofanya ukubwani.

Yule wa kibandani, basi, hakutolewa msituni tu. Alinyang'anywa mwalimu. Sauti ile ndogo aliyokuwa akiitoa bila kukoma, ambayo wapiga picha walisema ni ya furaha, inafanana sana na ile ambayo mtoto wa nguchiro hutoa akiomba chakula kwa mlezi wake. Na hata mwenye nyumba awe na moyo wa dhahabu, hawezi kuwa nguchiro ishirini.

Watetezi wake wana hoja ya panya, na hoja hiyo nitaipa nafasi kwa sababu panya kwetu si mchezo. Mpaka huu unaishi kwa mahindi, maharage na mtama. Kuna maghala Busia zote mbili, kuna malori yanayolala Malaba yakingoja kuvuka, kuna magunia vyumbani mwa watu. Panya wanakula, wanakojolea wanachokibakiza, na sumu ya kuwaua inauzwa sokoni kwenye vipakiti visivyo na maandishi yoyote, karibu na pipi. Kwa hiyo mtu akisema nataka mnyama wa kunisaidia, simcheki. Ila nguchiro miraba, anayeshikwa kwa urahisi kwa sababu anatembea kwa kundi, chakula chake kikubwa ni wadudu: mende, jongoo, mchwa. Panya humpata kwa bahati. Yai la kuku hahitaji bahati. Yupo nguchiro mwingine mwembamba, mwenye ncha ya mkia nyeusi, anayewinda peke yake na anayeua panya na hata nyoka; lakini huyo anaua akiwa huru, shambani, na ukimfungia hana tofauti na mfungwa mwingine yeyote.

Walioitegemea hoja hii kwa nchi nzima tunajua ilivyowaishia. Mwaka 1872 mwenye shamba la miwa wa Jamaica aliagiza nguchiro kutoka India ili wale panya. Walizaliana, wakageukia ndege, mijusi na kuku, na panya wapo Jamaica hadi leo. New Zealand walifanya hivyo hivyo kwa fereti katika miaka ya 1880, safari hii ili wale sungura. Fereti wakaingia kwenye viota vya kiwi, ndege asiyeruka ambaye ni nembo ya nchi ile, na tangu 2002 kumuuza au kumzalisha fereti huko ni marufuku. Hayo ni mataifa yenye maofisa na bajeti. Sisi tunataka kulijaribu hosteli.

Kuna jambo la sheria, nalo nitalisema kwa ufupi. Kenya ina Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013, Uganda ina ya 2019, na kote kuwili huwezi kuwa na mnyamapori nyumbani bila kibali. Mtu hucheka akisikia hivyo kwa sababu nguchiro si tembo. Mwaka 2025 mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza vijana wawili kutoka Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au jela mwaka mmoja, kwa kukutwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000 ndani ya mirija yenye pamba. Walikuwa wanakwenda kuwa vipenzi vya watu huko Ulaya na Asia. Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo, wanaopitishwa Uganda kwa magendo ndani ya masanduku, walizuiwa kuuzwa kimataifa kwa uamuzi wa nchi nyingi mwaka 2016. Kipenzi ni biashara, na biashara hiyo inapita kwenye mipaka kama wetu. Sisi wenyewe tumezipa njia zake jina: njia za panya.

Lakini sheria haining'ang'anizi kama jambo la meno. Nguchiro anaweza kubeba kichaa cha mbwa. Afrika Kusini nguchiro wa manjano ni miongoni mwa wanyama wanaouhifadhi ugonjwa huo porini bila msaada wa mbwa. Visiwa vya Karibiani kama Grenada na Puerto Rico vina shida hiyo kwa wale nguchiro walioletwa kula panya. Mbwa kuna chanjo yake, paka kuna chanjo yake, na fereti pia. Kwa nguchiro wa kibandani daktari wa mifugo hana sindano iliyoidhinishwa ya kumdunga. Anayemng'atwa hana namna ila kuosha jeraha kwa sabuni na maji ya kutiririka kwa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali kuanza sindano, na kurudi tena na tena hadi azimalize. Dalili zikishaanza, ni kifo. Duniani ugonjwa huu unakadiriwa kuua watu 59,000 kila mwaka, na wanne kati ya kumi ni watoto walio chini ya miaka 15.

Na hapa ndipo ninapowaudhi hata wale walionipigia makofi mpaka sasa. Maana karibu vifo vyote hivyo, asilimia 99, havitokani na nguchiro. Vinatokana na mbwa. Mbwa wetu hawa, tunaosema tunawafuga.

Zunguka Busia jioni, upande wowote, au Tororo chini ya lile jabali. Utawakuta wamelala mbele ya machinjio, nyuma ya vibanda vya chapati, kwenye jalala la soko. Uliza huyu ni wa nani, utaambiwa ni wa Mzee fulani. Mfuate Mzee fulani umuulize anamlisha nini, atakujibu bila kuona haya, neno lile lile la muuza nguchiro: anajitafutia. Na paka je? Paka asipewe chakula, wanasema, akishiba hatakamata panya. Nimelisikia hili tangu utotoni. Paka huwinda hata akiwa ameshiba; uwindaji wake hauko tumboni peke yake, na yeyote aliyemwona paka mnene akichezea mjusi analijua hilo. Mwenye njaa huondoka, huenda kuiba samaki wa jirani, na huko ndiko anakokutana na ile sumu ya vipakiti.

"Anajitafutia" ni neno la kujivua. Mbwa akilinda nyumba ni wako. Akimng'ata mtu, ghafla ni wa mtaa. Nimewahi kumwona mama mmoja akitembea nyumba hadi nyumba na mtoto aliyefungwa kitambaa kwenye ndama ya mguu, akiuliza kama mbwa yule mweusi amechanjwa, ili ajue auze nini apate nauli na pesa za sindano. Watu saba waliomjua mbwa yule kwa jina hawakumjua mwenyewe. Huo ndio ufugaji wetu.

Nitajibiwa kwamba watu ni maskini, na kwamba masuala ya chanjo na chakula cha paka ni ya wenye magari. Hoja hiyo siikubali, na ushahidi wangu ni maskini wenyewe. Bibi yangu mzaa mama, huko Tororo, ana mbuzi wanne. Hajawahi kumwita hata mmoja kipenzi, na Krismasi ikifika mmoja huliwa. Lakini kila siku huwahamisha kamba mara tatu kufuata kivuli na majani. Mvua ikinyesha usiku yeye ndiye wa kwanza kutoka. Akisikia kikohozi cha mbuzi anatuma mtu kwa daktari wa mifugo kabla hajatafuta dawa ya kikohozi chake mwenyewe. Mbuzi ana thamani ya pesa, utasema. Kweli. Basi tukiri kwamba tunajua kufuga, tena vizuri, pale tunapotaka, na kwamba mbwa na paka tumewanyima jambo tunalolijua.

Mpaka nao unatuongezea kisingizio. Mtu anayetaka kuvuka na mbwa wake kihalali anadaiwa kibali, cheti cha afya na cheti cha chanjo. Mbwa anayejitafutia havuki kihalali. Anakunywa maji Kenya na kulala Uganda. Ili kichaa cha mbwa kikome mahali, wataalamu wanasema asilimia 70 ya mbwa wachanjwe, na waendelee kuchanjwa. Kenya ilianza mpango wake mwaka 2014 ukilenga kuumaliza ugonjwa kwa binadamu ifikapo 2030, na Siaya, kaunti inayopakana na Busia, ilikuwa miongoni mwa tano za majaribio. Lakini asilimia 70 ya upande mmoja wa barabara ni nini? Hiki ni kituo cha mpaka ambacho marais wawili walikifungua rasmi mwaka 2018 kuwa cha pamoja, ili lori lisimame mara moja badala ya mara mbili. Lori tumelirahisishia. Chanjo ya mbwa bado ina serikali mbili, kalenda mbili na, kwa mtu wa kawaida, tangazo moja la Kiingereza lililobandikwa kwenye ofisi ambayo haendi.

Tusisahau pia kwamba deni hili linalipwa hata porini. Mwaka 1994 distempa ya mbwa wa vijijini iliingia Serengeti na kuua takriban theluthi moja ya simba. Yaani mbwa ambaye hakuna aliyemchanja alifika hadi kwa simba. Halafu sisi tunakwenda msituni kutafuta kipenzi kingine.

Hivyo mapendekezo yangu ni mawili, na la kwanza ni la darasani. Fereti abaki fereti, kama tulivyomwacha kangaruu abaki kangaruu. Hatuna deni la kumtafutia ndugu. Na mnyama anayeishi na watu tumwite mnyama wa kufugwa. Halina utamu wa "kipenzi", najua. Lina swali ndani yake, nani anamfuga, na mwulizaji ana haki ya kujibiwa kwa jina la mtu.

La pili linahitaji miguu. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani ni tarehe 28 Septemba. Tuwaombe maofisa wa mifugo wa Busia zote mbili na wa Tororo wachanje wiki moja, na sisi tuandike matangazo. Si ya Kiingereza. Mji uliozaa neno bodaboda haukosi Kiswahili cha kueleweka na mwendesha pikipiki, mama wa chapati na mchuuzi wa mahindi wa pande zote mbili. Tangazo liseme siku, mahali, kama chanjo ni bure au ni ya kulipiwa, mbwa afungwe vipi asiwaume wengine foleni, na mtu afanye nini akishang'atwa, ile sabuni na zile dakika 15 zikiandikwa kwa herufi kubwa. Nimeshaandika rasimu ya kurasa mbili, na ni ndefu mno kwa ukuta wa machinjio. Anayeweza kuipunguza hadi maneno 60 bila kuangusha sabuni aniletee kabla ya mwisho wa muhula.